Vanishi mati ya visanamu: kopo, chupa au kompresa kwa hewa ya Unguja na Pemba

Ukitaka kujua kama vanishi imekufa mng'ao kweli, usikitazame kisanamu (yule askari mdogo wa mezani anayepakwa rangi kwa brashi) kwa juu. Zima taa ya chumba, washa tochi ya simu, ilaze karibu na meza ili mwanga upite juu ya bega la kisanamu, kisha inama utazame kutoka upande wa pili. Vanishi nyingi zilizoandikwa mati, yaani zisizong'aa, hufaulu zikitazamwa kwa juu na kufeli hapo. Viwanda vya rangi vinalijua hilo. Mng'ao hupimwa kwa pembe ya nyuzi 60, na kipimo kikisoma chini ya 10, rangi hupimwa tena kwa nyuzi 85, mwanga ukiwa karibu umelala juu ya uso. Hapo ndipo rangi iliyofifia kidogo inapoachana na iliyokufa kabisa.

Kwa mchoraji wa visanamu tofauti hiyo si anasa. Askari wa milimita 28 huwekewa mwanga wake kwa brashi: kwenye paji la uso, kwenye mkunjo wa joho, kwenye ukingo wa upanga. Ukimpiga vanishi inayong'aa, taa ya dari inaweka mwanga wake juu ya ule ulioukalia usiku kucha, na macho hayajui yafuate upi. Wanaotengeneza majahazi na ngalawa za mezani wana tatizo lilelile. Tanga lililopakwa rangi likimeremeta, jicho linajua papo hapo kuwa chombo chenyewe kina urefu wa shubiri mbili, hata kamba ziwe zimefungwa kwa ustadi wa namna gani.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usisome kwa kubahatisha. Kwa hewa yetu, chupa ya akriliki (vanishi ya maji ya kupaka kwa brashi) iliyo mati kali ndiyo chaguo la kwanza kwa watu wengi. Kopo la kupuliza linatoa kazi nzuri sana, lakini ni la msimu. Kompresa (mashine ya kubana hewa) na brashi ya hewa (kifaa cha mkononi cha kupulizia rangi) vinashinda vyote viwili, ila ni vya mtu anayechora kila wiki, si anayechora Idi hadi Idi.

Kwanza, kinachoua mng'ao ni nini

Ndani ya vanishi mati mna unga laini sana, mara nyingi wa silika. Vanishi ikikauka na kunywea, chembe za unga huo huufanya uso uwe na vilima na mabonde yasiyoonekana kwa jicho. Mwanga ukigonga hapo hutawanyika badala ya kurudi kwa pamoja. Ukilishika jambo hili moja, unaweza kutabiri karibu tabia zake zote. Unga ukibaki chini ya chupa, vanishi inang'aa. Unga ukizidi, rangi nyeusi inaingia weupe. Na uso ukishikwashikwa na vidole miezi na miezi, vile vilima vinasuguliwa na mng'ao unarudi, hasa mabegani na kofiani, sehemu ambazo mchezaji hushika bila kufikiri.

Tabia nyengine ni kwamba mati hubadilisha rangi yenyewe. Nyeusi inasogea kwenye kijivu, nyekundu iliyoiva inapoa kidogo, na kivuli ulichokitia kwa rangi nyepesi kinapungua kina. Hili halina dawa, maana mwanga uliotawanyika ndio uleule unaoongeza weupe machoni. Anayelijua huchora vivuli vyake vikolee zaidi kidogo kuliko anavyotaka vionekane mwisho, kisha anaiacha vanishi ivishushe.

Hewa kabla ya chapa

Ushauri mwingi wa vanishi unaosomwa mtandaoni umeandikwa na watu wa Uingereza na Marekani, na wengi wao hofu yao ni gereji yenye baridi. Sisi adui yetu ni unyevu. Hapa kwetu hewa yenye unyevu wa asilimia 70 ni siku ya kawaida, na asubuhi ya Masika inaweza kufika 90 bila mtu kushangaa.

Kiyeyushi kilichomo ndani ya kopo la kupuliza hukauka haraka mno, na kinapokauka huupoza uso kilipotua. Gesi inayokisukuma nayo hutoka ikiwa ya baridi. Sasa fanya hesabu. Hewa ya nyuzi joto 30 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kuweka umande juu ya kitu chochote kilichopoa hadi nyuzi 26 hivi. Tofauti ni nyuzi nne tu. Hewa ya joto hilohilo yenye unyevu wa asilimia 50 haiweki umande mpaka kitu kipoe hadi nyuzi 18. Kwa hiyo mpulizaji wa nchi yenye hewa kavu ana nafasi ya nyuzi kama 12 kabla mambo hayajaharibika, na aliyepanda juu ya paa la nyumba ya Malindi, Unguja, ana nne. Umande ukinaswa ndani ya vanishi kabla haijakauka, utando wote unaingia weupe. Joho jeusi linageuka jivu, na mikunjo, ambako vanishi ni nzito zaidi, ndiyo inayoumia kwanza.

Ndiyo maana ninapoulizwa "chapa gani?" huuliza kwanza "mwezi gani, na saa ngapi?" Kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti na mara nyingi mpaka Septemba, ndiyo nafasi nzuri ya kupuliza. Kaskazi ya Januari na Februari inawezekana, kwa sababu mvua ni chache na jua ni kali. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, achana nayo, na Vuli iendee kwa tahadhari. Ndani ya siku moja, unyevu huwa chini zaidi kati ya saa saba na saa tisa mchana, wakati joto liko juu. Kupuliza alfajiri kwa sababu kumetulia na hakuna upepo ndilo kosa la watu wengi. Hewa imetulia kweli, lakini imejaa maji.

Kuna mtego mwengine wa wenye kiyoyozi. Kisanamu kilicholala usiku kucha kwenye chumba cha nyuzi 22 ukikitoa moja kwa moja barazani, tayari kiko chini ya kiwango cha umande kabla hujabonyeza kopo. Kiache nje kipate joto la nje kwanza, nusu saa au zaidi, na vya risasi viache muda mrefu kuliko vya plastiki.

Kipima unyevu kidogo cha kidijitali si kitu cha ghali. Programu ya hali ya hewa ya simu nayo inatosha kukupa picha ya nje, ila haiijui kona yako ya uani karibu na karo la kufulia.

Kopo la kupuliza

Hali ya hewa ikikubali, hakuna kinachoshinda kopo kwa haraka na kwa usawa. Halina alama za brashi wala mapovu, na kundi zima la askari linamalizika kabla chai haijapoa. Majina yanayotajwa zaidi ni Testors Dullcote ya Marekani, ambayo kwa miaka mingi imekuwa kipimo ambacho wengine hulinganishwa nacho. Tamiya TS-80 na Mr. Super Clear ya mati, zote za Japani. Na Anti-Shine ya The Army Painter, iliyotengenezwa kwa ajili ya wachezaji wa visanamu hasa. Tatu za mwanzo zina kiyeyushi kikali cha aina ya laka. Zinashika vizuri na zinakufa mng'ao sana, lakini ukizimwaga kwa wingi zinaweza kuilainisha rangi iliyo chini. Mikono miwili myepesi (mkono ni mpako mmoja wa vanishi) ni salama kuliko mmoja mzito.

Namna ya kupuliza inahesabika kuliko jina la kopo. Tikisa dakika mbili nzima baada ya kusikia gololi ikicheza, si kabla. Shika kopo umbali wa sentimita 20 hadi 30, anza kubonyeza mkono ukiwa nje ya kisanamu, pita juu yake, uachie ukiwa umeshatoka upande wa pili. Kwetu sisi umbali mkubwa ni hatari zaidi kuliko kule walikoandika maelekezo. Kwa joto letu na upepo wa kusi, matone hukauka yakiwa bado angani, na kinachotua ni vumbi. Uso unakuwa na chengachenga kama umepigwa mchanga, na watu hudhani ni unyevu, kumbe ni kinyume chake. Kuzitofautisha ni rahisi: weupe wa unyevu ni laini kwa kidole, wa vumbi unakwaruza.

Kabla ya kugusa kisanamu chochote, pulizia kijiko cha plastiki ulichokipaka rangi nyeusi. Weupe wowote utauona hapo baada ya robo saa. Hii naihesabu kuwa ni sharti, kwa siku hiyo na kwa kopo hilo, hata kama jana lilifanya kazi vizuri.

Upatikanaji ndio unaoliangusha kopo. Makopo ya rangi ya kupuliza hayaruhusiwi kwenye ndege, si mkobani wala kwenye sanduku la mzigo, kwa sababu yanashika moto. Kwa hiyo jamaa anayerudi kutoka Dubai au Muscat hawezi kukubebea, na usimtie kwenye matatizo na watu wa uwanja wa ndege kwa ajili ya askari wa plastiki. Litakuja kwa njia ya bahari au hutalipata. Likishafika, likae kivulini. Makopo mengi yameandikwa yasipate joto la zaidi ya nyuzi 50, na gari lililoegeshwa juani Mwanakwerekwe linaweza kufika hapo.

Tena moshi wake si wa kuchezea, hasa wa Mr. Super Clear. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Inatakiwa ile yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Wakazi wa Mji Mkongwe wenye ua wa ndani wajue kuwa ua ule haupitishi hewa kama wanavyodhani, na harufu itapanda ghorofa zote mpaka kwa bibi wa juu. Paani ni bora, ukishawaomba waanue nguo.

Na kisanamu kikishaingia weupe? Usikisugue kisanamu. Mara nyingi mkono mmoja wa vanishi ya glosi (ile inayong'aa), ya brashi au ya kupuliza, huyajaza yale mapengo madogo yaliyoachwa na maji, na rangi hurudi kama ilivyokuwa. Ukishakauka, subiri siku kavu uitie mati upya. Haifaulu kila mara, lakini imeokoa vingi.

Chupa na brashi

Hapa ndipo ninapowaelekeza wengi, pamoja na kwamba chupa ina sifa mbaya ya kuacha mng'ao. Sifa hiyo kwa sehemu kubwa imetokana na kutotikisa. Unga wa silika hutuama chini kama masimbi ya kahawa, na anayemimina kwa juu anajipakia vanishi ya kung'aa akiamini ni mati. Dawa yake ni kutikisa muda mrefu, kisha kuiacha chupa itulie dakika chache mapovu yapande, kisha kuikoroga taratibu kwa kijiti kabla ya kuchota. Ukitumia bakuli la kuchanganyia, endelea kukoroga wakati unafanya kazi. Baada ya dakika kumi unga umeshaanza kushuka tena.

Chapa zenyewe hazilingani. Ya AK Interactive iitwayo Ultra Matte ndiyo iliyokufa zaidi katika hizi ninazozitaja. Ukiifanyia jaribio la tochi, utalazimika kutafuta mng'ao. Ubaya wake ni huohuo wema wake, maana unga ni mwingi, basi ikituama kwenye mikunjo inakauka nyeupe. Vallejo wanayo ya kawaida ya chupa ndogo ya tone, na nyengine iliyo kwenye safu yao ya Mecha Color. Ya kawaida ni rahisi kuitawala, inasamehe, lakini kwa tochi huacha mwanga kidogo kwenye sehemu za mviringo. Ya Mecha ni kavu zaidi. Galeria ya Winsor & Newton ilitengenezwa kwa wachoraji wa picha za kitambaa, huja katika chupa kubwa kuliko za duka la visanamu, na kwa mwenye jeshi zima hesabu yake inalipa. Lazima iongezwe maji kidogo, la sivyo inajaza nyuso. Tamiya XF-86 nayo ni mati na ni nzuri, lakini si ya brashi. Akriliki za Tamiya zina pombe ndani, mpigo wa pili wa brashi huukwangua wa kwanza, na zinapendeza zikipulizwa kwa kompresa.

Nimeulizwa zaidi ya mara moja kuhusu X-21 ya Tamiya, ile iitwayo Flat Base. Hiyo si vanishi. Ni unga wa kuua mng'ao uliowekwa kwenye kimiminika ili uchanganywe na rangi au vanishi inayong'aa, kwa kiasi kidogo. Ukiipaka peke yake utapata weupe mtupu.

Kupaka kwa brashi kunataka mkono mwepesi na brashi kubwa iliyo laini, si ile ndogo ya kuchorea macho. Chovya, futa ukingoni mwa bakuli, paka kutoka juu kwenda chini, na usirudi mahali palipoanza kushika. Kisha, kabla hujakiweka chini, kigeuze kisanamu, tazama kwapani, chini ya ukingo wa kofia, baina ya miguu. Popote palipotuama kitone, kinyonye kwa brashi kavu. Nusu ya malalamiko ya weupe wa vanishi za maji yanaishia hapo, wala unyevu wa hewa hauhusiki.

Unyevu wenyewe, kwa vanishi ya maji, unachelewesha tu. Vanishi hiyo haikauki kwa kiyeyushi kikali, hakuna kupoza kwa ghafla, umande haupati nafasi. Kuchelewa kukauka kunasaidia hata, kwani alama za brashi zinapata muda wa kulala. Gharama yake ni subira. Panapoandikwa saa moja kati ya mkono na mkono, Masika fanya ziwe tatu, na usiku uliolowa mvua ngoja mpaka kesho yake. Wakati wote huo vumbi la chokaa la kuta za zamani linashuka. Mimi hufunika kwa kawa, ile ya ukindu ya kufunikia chakula, iliyoinuliwa kidogo upande mmoja ili hewa ipite. Bakuli la plastiki linafunga hewa mno.

Juu ya yote, chupa inasafiri. Vanishi ya maji haina kizuizi cha kopo. Ikifungwa vizuri ndani ya sanduku la mzigo, inafika Unguja na inavuka Pemba bila taabu. Kwa mtu wa Wete au Chake hilo peke yake linaweza kuwa limeshaamua.

Kompresa na brashi ya hewa

Ukishakuwa nayo, mjadala umekwisha. Vanishi ileile ya AK au Vallejo, ikipulizwa kwa mikono mitatu myembamba kama pumzi, inakuwa mati zaidi kuliko kwa brashi kwa sababu hakuna pa kutuama, na haina kiyeyushi cha kuleta umande. Presha ya kama bar 1 hadi 1.4 inatosha. Pua ya milimita 0.4 ni bora kuliko ya 0.2 au 0.3, maana unga wa silika huziba pua nyembamba.

Kitu kimoja ambacho kwetu si cha hiari ni kinasa maji kwenye bomba la hewa. Kompresa ikiibana hewa yenye unyevu, maji hujikusanya ndani ya tangi na bomba, na bila kinasa yatatoka kama mate katikati ya uso wa kisanamu ulichokihangaikia. Mwaga maji ya tangi kila ukimaliza kazi. Utashangaa ni mengi kiasi gani mwezi wa Aprili.

Hasara ni bei ya kuanzia, kelele, umeme kukatika pua ikiwa imejaa vanishi, na usafi. Vanishi mati ikikaukia ndani ya pua huchukua muda mrefu kuitoa kuliko kazi yenyewe ilivyochukua. Kwa visanamu vitano kwa mwezi sioni haja.

Vanishi ya mbao ya dukani

Darajani na kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi utaonyeshwa vanishi ya milango na samani, na muuzaji atakuapia kuwa iko isiyong'aa. Kwa mlango wa mbao ni sawa. Kwa kisanamu ni nzito, ile ya mafuta huingia umanjano kadiri miaka inavyokwenda, na isiyong'aa yake ni ile ya nusu mng'ao inayopendeza kwenye kabati. Kopo la klia (vanishi angavu) ya magari nalo ni glosi, na kiyeyushi chake kinaweza kuimeza rangi na plastiki pia. Fundi wa majahazi ya mbao ya kuuzia watalii anaweza kuitumia kwenye ubao wa chombo ambao haujapakwa rangi, akaacha tanga na mabaharia kwa vanishi nyengine.

Kinga na mng'ao ni kazi mbili

Mtu huchagua vanishi kama vile lazima chupa moja ifanye yote. Silika inayoua mng'ao pia huudhoofisha utando, kwa kuwa unga umeingia mahali ambapo resini, yaani kile kinachoufanya utando ushikane, ingeshikana yenyewe kwa yenyewe. Kwa hiyo mati kali ni kinga dhaifu kuliko glosi ya chapa ileile. Wachezaji wa siku nyingi hupiga glosi kwanza kwa ajili ya ugumu, wakaiacha ikauke usiku mzima, kisha mati juu yake kwa ajili ya macho. Kisanamu hutisha kidogo kikiwa katikati ya safari, kinametameta chote. Usivunjike moyo. Mati itakapokauka utaona mchoro wako unarudi.

Kwa kisanamu cha kabatini, glosi ya chini si lazima. Kinachoshikwa kila Ijumaa usiku kwa mikono yenye jasho na mafuta ya sambusa, ni lazima, na hata hivyo kishikwe kitako.

Metali ndiyo inayolalamika. Upanga, ngao, shaba ya mzinga, vyote vikipita chini ya mati hugeuka kijivu cha simenti. Ama viache kando wakati wa kupaka, jambo linalowezekana kwa brashi tu na ni hoja nyengine ya chupa, ama virudishie baadaye kwa tone la satini (nusu mng'ao) au glosi kwa brashi ndogo. Macho, vito, midomo na maji yaliyochorwa kwenye kitako hupata glosi mwisho kabisa. Ukisha kuua mng'ao wa kila kitu, tone moja la kung'aa kwenye jicho linafanya kazi kubwa sana.

Nani achukue nini

Anayeanza, mwenye visanamu kumi na chumba kimoja: AK Ultra Matte au Vallejo ya Mecha, brashi moja kubwa laini, na glosi ya maji ya chapa yoyote kwa chini. Ya AK kama ana subira ya kunyonya vitone, ya Vallejo kama hana.

Mwenye jeshi, tuseme anayejenga vita vya tarehe 27 Agosti 1896 na anahitaji askari wa Sultani na mabaharia wa Kiingereza kwa makumi (vita vyenyewe havikufika saa moja, uchoraji wake utachukua miaka): Galeria iliyoongezwa maji kwa wengi wao, na kompresa ikiwa mfuko unaruhusu. Kopo moja la TS-80 au Dullcote kwa maafisa na visanamu vya maonyesho, likisubiri Julai, mchana, kipima unyevu kikisoma chini ya 65.

Mtengeneza vyombo vya mezani: matanga na mabaharia mati ya brashi, ubao wa chombo satini. Jahazi lililokufa mng'ao kila mahali linaonekana limetelekezwa pwani, na sidhani kama ndilo analotaka mnunuzi.

Aliye Pemba na amemaliza kuchora katikati ya Aprili, mvua haikatiki, na ana kopo tu: asilifungue. Apige glosi ya maji kwa brashi leo, mikono miwili, visanamu vichezewe vikiwa vinang'aa. Juni ikifika avioshe kwa maji ya sabuni kidogo kuondoa mafuta ya vidole, avikaushe siku nzima kwenye chumba chenye hewa, apulizie kijiko cheusi, na kijiko kikitoka safi apulizie vilivyobaki.